Jiwe la Baba Lililokuja na Bodaboda

Jamani, nitasimulia, ila mtu asinikatize, maana nikikatizwa nitalia, na nikilia sitamaliza. Wengi wenu mmeshaiona ile video (msijifanye hamkuiona, hata wewe unayetazama dari umeiona), lakini video inaanzia pale boksi linapofunguliwa, na yaliyonifikisha kwenye lile boksi hayamo. Mimi Generoza, mwenye saluni hapa Isevya, binti wa marehemu katekista Venansi wa Ulyankulu, ndiye niliyemfedhehesha baba yangu juu ya kaburi lake mwenyewe, mbele ya padre, mbele ya ukoo na majirani, na nilifanya hivyo kwa mapenzi. Ingekuwa nilifanya kwa ubaya ningeungama yakaisha.

Mnajua nilivyo na simu. Nilianza na nywele, rasta na mawigi, kwa sababu kwenye yale maduka makubwa ya mtandaoni ya huko ng'ambo kila kitu kipo, unabonyeza, unasubiri, wakala anapokea Dar es Salaam, basi linaleta Tabora, bodaboda anakugongea mlango. Mji wetu wenyewe umekaa njiani tangu enzi za misafara, kitu kutoka mbali hakitushangazi, kwa hiyo nilipoanza kuagiza hata vijiko na mapazia sikuona ajabu. Jirani zangu wenye maduka waliona. Nikipita walikuwa wananisalimia vizuri, lakini salamu yenyewe ilikuwa imepoa, nami nikawa napita upande wa pili wa barabara nikijifanya naongea na simu (simu ileile).

Halafu baba akapata kiharusi. Kaka yangu Deo, anayekaa kule Ulyankulu, alimleta kwangu ili awe karibu na hospitali, nikampa chumba changu, mimi nikahamia kwa watoto. Baba alikuwa mtu mrefu, mkavu, mkulima wa tumbaku aliyesimamia kigango miaka nenda rudi, anayepiga pasi shati lake mwenyewe hata la kwendea shambani. Sasa mtu kama huyo mwili ukamgeuka, akawa hawezi kujizuia haja ndogo, na kila tukibadilisha shuka alikuwa anafumba macho kama mtu anayesali, kumbe hasali.

Nikaenda duka la dawa. Nilisubiri watu wapungue, nikainama dirishani nikamnong'oneza yule binti muuzaji, naye akapaza sauti kama yuko mnadani: "Dada, pampasi za mtoto au za mtu mzima?" Nyuma yangu walikuwa wamesimama mama wawili wa jumuiya yetu. Jioni hiyohiyo wakaja kumjulia hali mgonjwa, na mmoja akasema, kwa huruma kabisa, sebuleni, mlango wa chumba ukiwa wazi, "Tumesikia mzee amefikia hatua ya kuvalishwa." Baba alisikia. Aligeukia ukutani, na uji wa jioni hakuugusa, wala wa asubuhi.

Tangu siku hiyo nikaagiza kwenye simu. Boksi linakuja limefungwa gundi pande zote, halina neno wala picha, bodaboda ananikabidhi anasema, "Dada, nywele zako," nami naitikia, "Asante, kaka." Baba akaniuliza siku moja, kwa ile sauti yake iliyokuwa imepinda, "Wanajua ni nini?" Nikamwambia, "Hawajui, baba, wanadhani ni mawigi." Akacheka! Upande mmoja wa uso tu, lakini alicheka. Kwa hiyo mtu asije kuniambia leo kwamba yale maduka ni shetani mtupu. Watu wasionijua, walio ng'ambo ya bahari, walimstiri baba yangu kuliko watu wanaopokea komunyo pamoja nami. Hilo nitalisema mpaka nakufa.

Baba alifariki kabla ya mavuno, tukamzika Ulyankulu, kwenye kiwanja chake. Na hapa niwaeleze jambo moja, kwa sababu bila hilo mtadhani nalia kwa ajili ya jiwe. Baba alivuka mpaka kutoka Burundi akiwa kijana, kwa miguu, vita nyuma yao, na babu yangu alifia njiani wakamfukia kando ya mto wasioujua jina, wakaweka tawi juu yake wakaendelea kutembea. Hakuna aliyewahi kurudi kuliona lile kaburi. Baba aliishi Ulyankulu kama mkimbizi, akalima, akajenga, akaja kuwa raia, akafa raia, na kitu kimoja alichotusisitizia mimi na Deo, tena akiwa ameshika mkono wangu kwa ule mkono wake uliobaki mzima, ni hiki: "Mimi mniwekee jiwe lenye jina. Mtu akipita ajue hapa amelala nani."

Basi kwa kawaida yetu, mwaka ukikaribia kuisha tangu mazishi, ukoo unakusanyika kumaliza kilio: inasomwa misa, kaburi linasimikwa msalaba au jiwe, watu wanakula, maombolezo yanakwisha. Deo akanipigia simu kusema fundi Yohana yuko tayari kutengeneza jiwe. Yohana ni rika la baba, makaburi karibu yote ya upande ule ni kazi yake, na alikuwa ameshamwambia Deo kwamba la Venansi ataliweka kokoto nyeupe.

Mimi nikakataa. Nisiwafiche, Yohana si fundi wa kumsifia sana. Misalaba yake inapata nyufa masika ya pili, ahadi zake zinategemea pombe imeamkaje, na juu ya kaburi la marehemu mama mmoja jirani yetu aliandika kwa herufi kubwa AMERARA KATIKA BWANA, na mpaka leo yule mama amerara, hakuna wa kumlaza. Nikamwambia Deo, "Baba alikuwa msomaji wa masomo kanisani, siwezi kumwandikia ujinga. Niachie mimi."

Deo akaniuliza, "Gene, jiwe la kaburi linanunuliwa kwenye simu?"

"Kila kitu kinanunuliwa kwenye simu," nikamjibu.

Nikatafuta. Mnajua lile duka lina kitufe cha kukugeuzia maneno yote kuwa Kiswahili, Kiswahili cha mashine, cha ajabuajabu lakini unaelewa. Nikaandika jiwe la kaburi, yakaja mawe mia ya kila namna, na katikati yake nikaliona moja, jeusi, linang'aa kama maji ya kisimani, limewekwa kwenye nyasi na maua pembeni, na juu yake nafasi ya picha ya marehemu na jina. Na maelezo yake yakisema, nayakumbuka mpaka leo: "Jiwe la kumbukumbu la kipenzi chako. Tuma picha ya kipenzi. Kipenzi chako hatasahaulika."

Nililia. Nilikuwa namsuka mteja, nikamwacha na nusu kichwa, nikaenda uani nikalia, kwa sababu baba alikuwa nani kwangu kama si kipenzi? Nikatuma ile picha yake ya tai, nikaandika jina, VENANSI BIGIRINDAVYI, nikalikagua herufi kwa herufi, nikalipia. Vipimo viliandikwa, ndiyo, viliandikwa chini kabisa, lakini nani anasoma vipimo huku anajifuta machozi na kitambaa cha kufutia rangi ya nywele?

Nikampigia Deo, nikamtumia ile picha ya jiwe. Naye akaipenda, akaionyesha kwa watu, na kwa kuitazama tu akakadiria ukubwa, akajenga kitako cha zege pale kaburini, kipana, cha ngazi mbili, na mfereji juu wa kulichomeka jiwe. Kitako cha kubeba mlango. Habari zikamfikia Yohana, na watu wakaniambia alisema tu, "Haya, wenye Uchina yao," akabeba mwiko wake akaenda.

Mzigo ukachelewa. Wiki zikapita, simu ikawa inaniambia kipenzi yuko njiani, kipenzi amepita forodha, na siku ya misa ikakaribia huku tumeshaalika padre na watu. Wakala wa Dar es Salaam akaniambia umefika, ameupigia fremu ya mbao usivunjike, anautia kwenye basi. Nikasema kama ni hivyo usishushwe hata Tabora mjini, uunganishwe moja kwa moja mpaka Ulyankulu, bodaboda aulete hadi nyumbani. Hivyo ndivyo nilivyopata kusimama mbele ya watu kusubiri kitu ambacho sijakitia machoni.

Siku yenyewe watu walikuja wengi kuliko tulivyotarajia. Shangazi Marsiana, dada yake baba, aliyetembea naye ile safari ya kuvuka mpaka, alikaa mbele kabisa kwenye kiti cha plastiki, kitenge kipya, rozari mkononi. Nilimpigia goti nikamwamkia shikamoo, akanishika mashavu, "Marahaba mwanangu. Leo kaka yangu anapata jina." Kitako cha Deo kilikuwa wazi pale kaburini, kimepakwa chokaa. Yohana naye alikuja, amechomekea shati, akasimama nyuma karibu na jiko.

Misa ikaanza, jiwe halijafika. Ikafika mahubiri, halijafika. Mimi jasho linanitiririka mgongoni, simu nimeificha ndani ya kitabu cha nyimbo, nachungulia. Padre alikuwa na misa nyingine kijiji cha mbali, akawa anatazama saa yake kwa adabu. Tukamaliza komunyo, tukaandamana hadi kaburini tukiimba, tukaimba beti zote, tukarudia, na waimbaji wakaanza kutazamana, ndipo tukasikia mlio wa pikipiki.

Jamani, shangwe iliyopigwa! Boksi lilikuwa kubwa, limefungwa kwa mipira nyuma ya pikipiki, fremu ya mbao pande zote, wanaume wawili wakalishusha. Mmoja akasema, "Mbona jepesi?" na mimi, kwa kujua kwangu kote, nikamjibu mbele ya watu, "Mawe ya kisasa ni mepesi."

Padre akasema kwa upole, "Labda mlifungue kwanza ndani, mlikague, kisha mlilete nilibariki." Angalieni, njia ilikuwepo. Nilifunguliwa mlango wa kutokea, na padre mwenyewe. Lakini nikamwona Yohana kule nyuma amekunja mikono, nikakumbuka maneno ya wenye Uchina yao, nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni, "Hapana, padre. Fungueni hapahapa, watu waone."

Maneno hayo mawili, fungueni hapahapa, laiti ningeyameza.

Deo akachukua panga akabandua mbao. Ndani ya mbao karatasi ngumu, ndani yake karatasi ngumu nyingine, na ndani ya hiyo vile vipande vyeupe vyepesi wanavyojazia mizigo, elfu na elfu, na upepo wa Ulyankulu unavyojua kuvuma wakati usiotakiwa. Vikaruka. Vikaingia kwenye nywele za waimbaji, vikang'ang'ania kanzu ya padre, kimoja kikamkaa shangazi kwenye nyusi, watoto wakaanza kuvikimbilia na kucheka kwenye makaburi. Deo anatoa, anatoa, mkono umezama hadi kwapa, anatafuta jiwe kama mtu anayetafuta kuku ndani ya shimo. Binamu yetu mmoja alikuwa anarekodi ili ndugu walioko nje waone, na mnamsikia kwenye video akisema, "Sasa, sasa, sasa linatoka."

Likatoka. Deo alilitoa kwa mkono mmoja.

Lilikuwa na ukubwa wa misale ya padre, kile kitabu cha misa. Labda dogo zaidi. Jeusi, linang'aa, kila kitu kama kwenye picha, na uso wa baba yangu juu yake, na tai yake, na jina lake halina kosa hata moja. Na kila upande wa uso wake palichongwa unyayo wa mnyama, wenye vidole vinne vya mviringo, na chini ya jina palichongwa mfupa.

Kisha mtu mmoja, kwa kutaka kusaidia nadhani, akauliza, "Hiyo ndiyo sampuli?" Na Deo, maskini Deo, akarudisha mkono ndani ya boksi, akaendelea kutafuta lile jiwe lingine, lile kubwa, akalipindua boksi juu chini likabaki tupu, akasimama analitazama lilivyo tupu. Kitako chake kiko pale, kipana, cheupe. Akaliweka lile jiwe kwenye mfereji, sijui kwa nini, labda hakujua pa kuliweka, likazama lote, uso wa baba ukapotelea ndani ya zege, ikabidi alitoe kwa ncha ya panga.

Shangazi akasema, "Lina maandishi hapo. Ni Kiingereza? Padre, tusomee."

Padre alilichukua. Nilimwona anasoma, nikaona anakaza kidevu. Akasema, "Ni maneno ya upendo, mama."

"Tusomee hayo ya upendo."

"Ni ya... kumbukumbu njema."

Wifi yangu Anastazia, mke wa Deo, anafundisha Kiingereza sekondari. Alikuwa amesogea kuangalia, na nadhani hakukusudia, lilimtoka tu kama jibu linavyomtoka mwalimu. Akasema, "Padre, hapo pameandikwa mbwa."

"Nini?" shangazi akauliza.

"Pameandikwa, mbwa mwema kuliko wote." Akaziba mdomo kwa mkono, lakini lilikuwa limeshatoka.

Kuna mtu alicheka. Si Yohana, nimemsingizia Yohana mengi lakini huyo hakucheka, alitazama chini. Alicheka mtu wa nyuma huko, kile kicheko cha mtu anayekibana kikamshinda, na kicheko kama hicho kinaambukiza, kikapita kwenye mistari, watu wanageuza nyuso, mabega yanatikisika, waimbaji wanaficha vinywa kwa vitabu vya nyimbo.

Shangazi akasimama. Rozari ilikuwa imezunguka kiganja chake mara mbili. Hakupiga kelele, na ndiyo sababu watu wote walisikia.

"Yoo, Venansi," alisema, anaongea na kaburi. "Tulipokuwa tunakimbia, pale kivukoni, walituita mbwa. Unakumbuka? Ukaniambia nisiinue macho, tuendelee kutembea, tutafika mahali tutakuwa watu. Tukafika. Ukawa mtu. Leo mtoto wako amekwenda mpaka ng'ambo, amelipa, amekuletea lile neno nyumbani kwako."

Nikamwendea, nikapiga magoti kwenye vile vipande vyeupe, "Shangazi, sikujua, waliandika kipenzi, shangazi, waliandika kipenzi," lakini mnadhani mtu atakuelewa ukimwambia neno moja hilohilo mara kumi? Alinipita. Aliondoka na kitenge chake kipya, akatembea kwenda kwake, na ndugu wengine wakamfuata. Padre alibariki kaburi lilivyo, zege na mfereji wake, akasema sala fupi yenye heshima, naye akaondoka na vipande viwili vimemganda mgongoni ambavyo hakuna aliyethubutu kuvitoa. Wali ulikuwa umepikwa kwa masufuria makubwa. Uliliwa na majirani. Kilio hakikumalizwa.

Deo alitaka kulivunja lile jiwe kwa nyundo jioni ile. Aliinua nyundo akaishusha, mara mbili, kisha akaketi chini. "Ananitazama," alisema. Nikalifunga kwenye khanga nikarudi nalo Tabora, limekaa mapajani mwangu njia nzima.

Video ilikuwa imenitangulia. Mteja wangu wa kwanza alificha simu haraka alipoingia, nikajua. Wengine waliacha kuja, wengine walikuja ili wanione, na hao ndio walikuwa wabaya zaidi. Nikaliandikia lile duka malalamiko, nikaandika Kiswahili chote nilichonacho, nikawaeleza babu na kivuko na shangazi. Jibu lilikuja papo hapo, na najua halikuandikwa na mtu: "Pole kwa usumbufu. Bidhaa yenye jina haibadilishwi. Tunatumaini kipenzi chako ameipenda. Tafadhali tupe nyota." Nikaandika tena, wakanijibu hivyohivyo, na pole nyingine, na punguzo la bei ya chakula cha mbwa; kumbe kipenzi, kwa Kiswahili cha ile mashine, ni mnyama wa kufugwa. Miezi mingi baadaye simu yangu ilikuwa ikinionyesha mikanda ya shingoni na sabuni za kuua viroboto. Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho sikuwa nimekifikiria nilipokuwa nafurahia kwamba hawanijui. Hawanijui kweli. Ningekuwa nimefanyiwa na Yohana ningekwenda kwake, ningemtukana, mkewe angetoka, majirani wangetuamua, angeona aibu nami ningeona yangu. Sasa utamgombeza nani? Utasimama uani kwako uishikie simu kiuno?

Masika yote kaburi la baba lilikaa na ule mfereji, mvua ikinyesha unajaa maji. Nilikwenda kwa Yohana mwenyewe, peke yangu, Deo alisema hana uso. Nilimkuta anasuka jamvi. Nikamwamkia, akaitikia, nikamwambia nimekuja kumwomba jiwe. Alisuka kidogo.

"Mvua ikikatika," akasema.

"Asante, baba."

"Jina unaliandika wewe. Kwenye karatasi. Mimi nafuatisha."

Hakunisema zaidi, ila alinisubirisha, na mvua ilipokatika alinisubirisha tena, na nikasubiri. Jiwe alilotengeneza ni zito, lina kokoto nyeupe nyingi upande mmoja kuliko mwingine, na limeinama kidogo kulia kwa sababu kitako cha Deo hakikujengwa kwa ajili yake. Jina liko sahihi. Tulilisimika mimi, Deo na yeye, hakuna wimbo, na shangazi hakuja ingawa kwake unapaona kutoka pale.

Alikuwa hajaongea nami tangu siku ile. Nilikuwa nikimwamkia shikamoo, anaangalia pembeni, na kwetu mtu mzima kukunyima marahaba si jambo dogo, unabaki na salamu yako mdomoni kama mfupa wa samaki. Basi mwezi wa marehemu, Novemba, nilikwenda kufagia kaburi, nikamkuta amefika kabla yangu, amekaa kwenye ukingo wa zege, anapitisha kidole kwenye jina. Hasomi vizuri, lakini lile jina analijua. Nikasimama mbali kidogo nikamwamkia. Hakuitikia, nikageuka niondoke.

"Kile kijiwe," akasema, bila kunitazama. "Ulikitupa?"

"Siwezi kukitupa, shangazi. Kiko kwangu, nimekifunga."

"Uso wake bado unaonekana?"

"Unaonekana."

Akapitisha kidole tena. "Mimi sina picha yake. Zote ziliungua na ile nyumba ya kwanza. Namwona usingizini, lakini siku hizi anakuja bila uso." Kisha akasema, "Nenda ukafute yale ya mbwa. Uniletee yeye."

Nikampelekea fundi wa kuchomelea pale Isevya, ana ile mashine ya kusagia vyuma, nikamweleza, akavaa miwani yake, vumbi jeusi likaruka, maneno ya Kiingereza yakafutika, mfupa ukafutika, unyayo mmoja ukafutika. Wa pili ulikuwa karibu mno na sikio la baba. Akaniambia, "Dada, hapa nikigusa naondoka na shavu." Nikamwambia aache.

Nilimpelekea shangazi hivyo, nikamwonyesha ule uliobaki kabla hajauona mwenyewe, sikutaka tena kumfungulia mtu kitu ambacho sijakitazama. Alilishika kwa mikono miwili akamtazama kaka yake kwa muda, akamfuta vumbi kwenye tai kwa ncha ya kitenge.

"Na wewe utaacha kununua huko?" akaniuliza.

"Sitaacha, shangazi. Nywele nitanunua, na kuna vitu vingine vya kumstiri mtu sitavinunua kwingine. Lakini kitu cha kusimamishwa mbele ya watu, au cha kumwekea mtu wangu kaburini, naapa, sitakipokea tena kutoka kwa mtu ambaye siwezi kwenda kumgongea mlango."

"Haya," akasema. Akalisimamisha jiwe kwenye meza yake ndogo chini ya msalaba, akalisogeza kulia, akalisogeza kushoto, halafu akachukua chupa ya maji ya baraka akaiweka mbele ya sikio la baba, ikauziba ule unyayo.

"Shikamoo, shangazi," nikasema, nikiaga.

Alikuwa bado anainyoosha chupa. "Marahaba, Gene. Funga mlango, upepo huo."